Majani ya Nelius na Paka wa Memsahib

Siku ya kwanza Njuki kumwona Nelius, walizozana kwa sababu ya kamba. Ilikuwa siku ya soko mjini Embu, mwaka 1955, siku za hali ya hatari, wakati ambao mwanamke wa kijijini hakufika sokoni ila kwa cheti cha hedimani, mkuu wa kijiji, na cheti chenyewe kiliandikwa saa ya kutoka na saa ya kurudi. Njuki alikuwa na kibanda cha mabati karibu na lango la soko. Aliuza chumvi, mafuta ya taa, viberiti, na chochote kingine ambacho serikali haikuwa imekipiga marufuku wiki hiyo. Mwanamke akaja, akatupa fungu la kamba za mkonge juu ya meza bila salamu.

"Chumvi. Ratili mbili."

"Kwa kamba hizi?" Njuki akacheka. "Mama, siku hizi kamba ni nyingi kuliko ng'ombe wa kufunga."

"Basi ivute."

Njuki akaifunga kamba moja kwenye mguu wa meza, akavuta kwa uzito wake wote. Meza ikasogea, chupa zikagongana. Kamba haikutoa hata uzi.

"Ratili moja."

"Mbili. Na uondoe kwanza lile jiwe ulilolifunga chini ya mizani."

Njuki akainama, akalitazama lile jiwe kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza maishani. Akalifungua. Akapima ratili mbili kamili. Hakuwa mtu wa kuona haya. Biashara hakuirithi kwa baba, aliianza na debe moja la chumvi alilolibeba mgongoni kutoka stesheni ya Sagana, na haya haibebi debe. Lakini alikuwa mtu wa kuweka mambo akilini. Mwanamke anayesokota kamba namna ile, na mwenye tabia ya kuchungulia chini ya vitu, ana faida yake.

"Unaweza kusokota majani?" akamuuliza.

"Majani yapi?"

"Ya uongo. Ya kukaa kwenye mkebe, ndani ya nyumba, yafanane na ya kweli."

Habari hiyo Njuki alikuwa ameipata kwa Misheck, mpishi wa memsahib mmoja pale mjini. Memsahib huyo alikuwa mke wa ofisa aliyetia sahihi pasi zote za watu kusafiri, mzungu mrefu ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Memsahib alipenda kijani ndani ya nyumba. Alikuwa ameweka vyungu vya mimea sebuleni, lakini paka wake, jike la manyoya marefu lililoitwa Dachesi, aliugeuza udongo wa vyungu kuwa choo. Vyungu vikatupwa. Sasa kulikuwa na mgeni mkubwa wa kutoka Nairobi aliyetarajiwa mwezi unaofuata, na memsahib alitaka sebule ya kijani isiyo na udongo. Huko kwao, alisema, watu walikuwa na majani ya kitambaa. Lakini kuyaagiza kwa meli kungechukua nusu mwaka.

Nelius alisikiliza yote hayo akiwa ameshika chumvi yake kwapani.

"Kwa hiyo watu wanafungiwa ndani ya seng'enge," akasema, "na majani yanatafutiwa sebule."

"Punguza sauti, mama. Yule homugadi mwenye bunduki pale langoni ana masikio."

"Masikio anayo. Vilivyobaki ndivyo hana." Akageuka kwenda. Kisha akarudi hatua moja. "Nitahitaji rangi ya kijani. Na waya."

"Waya? Unataka tunyongwe wote wawili? Siku hizi ukikutwa na waya unaulizwa unaunda bunduki gani."

"Basi niletee mbavu za mwavuli mkuukuu. Na uniite Mama Ednah. Mimi si mama wa kila mtu."

Hivyo ndivyo walivyoanza.

Nelius alizaliwa Ishiara, huko chini kwenye nchi ya joto, kwenye nyumba ya mbuzi na mtama. Mkonge aliujua kabla ya kujua kuhesabu: kuukata, kuuparua, kuuanika, kuusokota juu ya paja mpaka paja likawa gumu kama kisigino. Akaolewa juu mlimani na Kivuti, seremala asiye na maneno mengi, ambaye shamba lake dogo lilikuwa kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Mwaka 1954 Kivuti alichukuliwa asubuhi moja akiwa na msumeno mkononi. Hakuna aliyemweleza mkewe sababu, isipokuwa kwamba alipelekwa kambi ya kizuizini. Wiki chache baadaye nyumba zote za mtaa wake zilibomolewa na watu wakakusanywa kwenye kijiji kimoja, seng'enge pande zote. Ednah, binti yao wa pekee, alikuwa ametoka kuachishwa ziwa na alikuwa Ishiara kwa nyanya yake. Njia zikafungwa mtoto akiwa huko. Tangu siku hiyo Nelius alichimbishwa kwa amri ya serikali handaki kando ya msitu siku tano kwa wiki pamoja na wanawake wenzake, na kila aliyekutana naye alijua anachokitaka, kwa maana hakukificha: karatasi ya kumhamisha kijiji, arudi Ishiara kwa mama yake na mtoto wake, akae huko. Hakutaka ruhusa ya kutembelea. Alitaka kuondoka.

Alikuwa ameiomba mara tatu. Mara tatu hedimani alimwambia asubiri mumewe atoke kambini.

Katika wiki tatu alimletea Njuki mimea minne. Njuki, mtu ambaye hakuwahi kusifia kitu alichokusudia kukinunua, alijisahau akapiga mbinja. Nyuzi za mkonge zilikuwa zimetandwa juu ya mbavu za mwavuli, zikatiwa rangi, zikachanwa pembezoni kama majani ya mgomba mchanga, na juu yake zilikuwa zinang'aa kama zimetoka kunyeshewa.

"Umepaka nini?"

"Mafuta ya mkia wa kondoo. Ningeyaacha yakauke kama maiti?"

Njuki akakubali kwa kichwa. Kwao wote wawili jambo hilo halikuwa na swali. Kibuyu kipya, ngozi mpya, mkanda mpya wa kubebea kuni, bibi arusi mwenyewe: kitu kipya hakitolewi nje kikiwa kikavu. Hakuna aliyekumbuka paka. Nyumba walizokulia hazikuwa na paka wa kulala kwenye viti.

Memsahib alipiga makofi alipoiona mimea. Akaipanga kwenye pembe nne za sebule, akasogea nyuma hatua chache, akarudi, akaigusa. Akamwambia Njuki ataomba kwa bwana wake lile jambo ambalo Njuki alikuwa amelililia mwaka mzima: kibali cha kufungua duka Nkubu, upande wa Meru, ambako kulikuwa na hospitali ya misheni, watu wengi, na maduka machache. Njuki alirudi sokoni anatembea kama mtu aliyeoa.

Asubuhi ya tatu Misheck alimfuata Njuki kibandani, aproni bado kiunoni.

"Baba Gitari, mmeniua. Dachesi amekula mimea."

"Paka hali mkonge."

"Mwambie yeye. Ameilamba, ameitafuna, ameitapika kwenye zulia. Nimefagia tangu alfajiri. Memsahib anakutaka. Sasa hivi."

Sebule ilikuwa kama mahali palipopigwa mawe. Mmea mmoja ulibaki mifupa ya mwavuli. Mwingine ulikuwa umelazwa chini, na Dachesi mwenyewe, manyoya yake yamegandamana kidevuni, alikuwa ameukumbatia kwa miguu yote minne, analamba macho yamefumbwa.

"Wewe Njuki!" Memsahib alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. "Angalia hii kazi! Takataka kabisa! Wewe natia dawa gani? Kama paka yangu nakufa, hakuna Nkubu. Hakuna hata hii duka ya soko. Lete ile bibi yako natengeneza!"

"Si bibi yangu, memsahib."

"Lete!"

Bwana Miwani akaandika cheti cha siku moja, na homugadi akaenda kumtoa Nelius handakini. Alifika na tope hadi magotini. Misheck alitandaza magazeti sakafuni ili apite. Nelius akayaruka magazeti, akapita kwenye zulia. Akainama, akaokota jani lililotafunwa, akalinusa. Akamtazama paka. Njuki aliona jinsi uso wake ulivyotulia ghafla, kama uso wa mtu sokoni aliyejua tayari bei ya mwisho ya mwenzake. Akajua: huyu ameona kitu, na hatakisema bure.

"Nitaangalia dawa," Nelius akamwambia memsahib. "Kwanza nipate maji ya kunywa."

Nje, nyuma ya jiko, Njuki akamshika mkono. "Ni nini?"

"Ni mafuta ya kondoo, mzee. Tumempikia paka mchuzi, tukauweka kwenye pembe nne."

"Basi yaoshe kwa sabuni, yaishe!"

"Mafuta yakishaingia kwenye mkonge hayatoki. Na hata nikisuka mapya makavu, huyo ameshaonja. Atayajia yote. Anataka kuachishwa, kama mtoto." Akanywa maji yake polepole. "Unajua mtoto anaachishwa na nini?"

Njuki alijua. Kila aliyenyonya pande hizi alijua: mama anapaka shubiri kwenye ziwa, mtoto anashika mara moja, mara mbili, analia, na siku ya tatu anaomba uji.

"Shubiri ya kweli haiko huku kwenye baridi," Nelius akasema. "Ile kali iko kwetu, kwenye mawe, Ishiara."

"Mama Ednah, hiyo ni dawa au ni safari?"

"Ni zote mbili. Wewe unauza chumvi na jiwe. Na mimi niuze shubiri na njia."

Memsahib alisikia kwamba kuna dawa, na kwamba iko Ishiara, na akamgeukia mumewe. Bwana Miwani hakupenda. Alitoa pasi ya siku tatu kwa sharti moja: Njuki awe mdhamini. Mwanamke asiporudi, leseni ya kibanda ingefutwa. Njuki alipiga hesabu kichwani, akatazama mimea iliyobaki, akafikiria Nkubu, akatia sahihi.

Siku ya tatu hakuuza kitu. Alikaa kibandani akitazama barabara ya chini, na kila mwanamke aliyetokea na mzigo alikuwa si yeye. Alikuwa ameanza kufunga bidhaa kwenye magunia aliposikia mtu nyuma yake.

"Unahama, Baba Gitari?"

Alikuwa amebeba gunia la shubiri, mikono imechanwa na miiba. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hilo Njuki hakuliuliza.

"Nilidhani umenitosa."

"Nikikimbia wanakuja kuchoma nyumba ya mama yangu. Mimi sitaki kujificha kwetu. Nataka kukaa kwetu." Akashusha gunia. "Mtoto hakunijua. Alijificha nyuma ya nyanya yake. Haya, twende kwa huyo paka."

Maji ya shubiri aliyakamua, akayachemsha mpaka yakawa mazito kama asali nyeusi, akayazimua kidogo kwa maji, akayapaka jani kwa jani kwa unyoya wa kuku. Mimea iliyoharibika aliisuka upya. Maji ya shubiri yalipokauka hayakuonekana. Kisha wakasimama wote mlangoni, memsahib, Misheck na Njuki, kumtazama Dachesi akija. Akaja kwa maringo, mkia juu. Akalamba. Akasimama kama aliyesikia matusi. Akatoa ulimi nje, akatikisa kichwa, akarudi nyuma makalio mbele, akaruka dirishani, na wakamsikia kwenye bustani akijifuta kwenye nyasi.

Misheck alicheka hadi akakaa chini. Memsahib naye alicheka, kisha akakumbuka kumhurumia paka.

Hapo mambo yangeweza kuisha vizuri kwa kila mtu, na yakaharibika kwa sababu yalikuwa mazuri mno. Wake wa maofisa wengine waliona ile mimea, wakaitaka. Bwana Miwani akamuuliza Njuki: huyu mwanamke anaomba kuhamia Ishiara, je, akienda, kazi hii nani ataifanya? Njuki alikuwa na maagizo ya nyumba sita mfukoni. Akajibu kama mfanyabiashara: "Bwana, usimwache aende. Mtoe tu handakini, umweke hapa mjini."

Wala hakuona kwamba amefanya ubaya. Alimpelekea Nelius habari hiyo kama zawadi, siku ya soko iliyofuata.

"Nimekutoa handakini! Kuanzia Jumatatu utalala nyuma ya jiko la memsahib, unasuka, unapaka. Hakuna jembe tena."

Nelius hakuketi. "Nani alikutuma?"

"Sikutumwa. Nimekusaidia."

"Umeniuza, Njuki." Hakumwita Baba Gitari. "Kule handakini mimi ni mmoja kati ya mia nne. Siku wakichoka kutuchimbisha tutaachiliwa wote. Hapa nikiwa mzuri hawataniachilia hata mlima uhame. Wewe ukipata mbuzi anayetoa maziwa unamfungua?"

"Ungekaa na nani? Mume yuko ndani..."

"Usinihesabie watu wangu. Hesabu chumvi yako."

Jumatatu alipelekwa nyuma ya jiko. Alisuka kimya, akala chakula alichopewa, hakumwita memsahib chochote isipokuwa "wewe mama" kwa Kiswahili cha sokoni, jambo lililomuudhi zaidi ya tusi. Na mtungi wa shubiri alilala nao kando ya kichwa chake.

Kisha Misheck, katika usafi wake wa kuwasubiri wageni, akaipangusa mimea yote kwa kitambaa chenye maji. Shubiri ikatoka. Ilikuwa Jumatano, mgeni wa Nairobi angefika Ijumaa mchana. Alhamisi asubuhi Dachesi alikuwa ameangusha mmea mkubwa wa karibu na mlango, na nusu yake ilikuwa kwenye zulia.

Nelius akaitwa. Akaja hadi kwenye baraza, akaketi ngazini na mtungi magotini mwake, akafunika mdomo wa mtungi kwa kiganja.

"Paka," memsahib akasema.

"Karatasi," Nelius akajibu.

Njuki aliitwa kuja kusemezana naye. Alimkuta Bwana Miwani naye ametoka nje, kofia mkononi, anachelewa ofisini kwa sababu ya paka, na uso wake ulionyesha hivyo.

"Mwambie nitamrudisha handakini leo leo," Bwana Miwani akamwambia Njuki.

"Nimesikia, sina haja ya kutafsiriwa," Nelius akasema, bila kuinuka. "Nirudishe. Jembe langu liko pale pale. Naenda kwa miguu yangu, hata askari usimchoshe. Lakini shubiri naimwaga hapa ngazini kabla sijaondoka."

"Naweza kukunyang'anya huo mtungi."

"Nyang'anya. Uipake wewe. Ukiichemsha sana, inageuza majani meusi kama mkaa. Isipochemka, paka anailamba kama maziwa. Mgeni ni kesho, si ndiyo?"

Memsahib akamgeukia mumewe, akamwambia Kiingereza kingi kwa sauti ndogo. Njuki, aliyesoma misheni hadi darasa la nne, alishika maneno machache tu: moyo wake wote ulikuwa kwenye neno "Nkubu", ambalo hakulisikia. Alichosikia ni memsahib akisema kwamba amechoka na wilaya hii, na mvua yake, na kwamba kitu kimoja tu alichoomba ni sebule ya heshima.

Bwana Miwani akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na karatasi yenye muhuri.

"Ana habari," akamwambia Njuki, "kwamba akihama, jina lake linafutwa kwenye daftari la kijiji? Ardhi itapimwa huku juu ndani ya mwaka huu. Asiyekuwepo kuonyesha mpaka wake, ni shauri lake."

Hapo kwa mara ya kwanza Njuki alimwona Nelius akihangaika: kiganja kilikaza juu ya mtungi. Shamba lilikuwa la Kivuti, na Kivuti hakuwepo wa kuulizwa.

"Andika," akasema.

"Nimeandika."

Nelius akaichukua karatasi, asiijue hata herufi moja, akampa Njuki. "Isome."

Njuki akasoma kimyakimya kwanza. Ilikuwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha pasi alikijua kuliko sala; alikuwa amezisoma mamia. Jina la Nelius. Ishiara. Sahihi. Na katikati, kwa wino uleule mzuri: siku thelathini.

Akainua macho. Bwana Miwani alikuwa anamtazama yeye, si mwanamke, na alitabasamu kidogo tu, tabasamu la watu wawili wanaoelewana. Njuki aliona mambo yote kwa pamoja, jinsi mfanyabiashara anavyoliona soko lote akiwa juu ya lori. Angesema "ni sawa", na Nelius angepaka, angeenda, na baada ya mwezi angerudishwa na askari. Nyumba sita zingepata mimea. Yeye angepata Nkubu.

"Ni sawa?" Nelius akauliza.

Baadaye, kila alipokisimulia kisa hiki, Njuki alisema alipiga hesabu tu. Mwanamke huyo angerudi baada ya mwezi akiwa anajua nani alimdanganya, na asingemsukia tena hata kamba ya kufungia kuku. Na wanawake wa soko lote wangesikia. Labda ndivyo. Lakini mtu aliyepiga hesabu husema taratibu, na yeye alisema haraka, kama mtu anayetema kitu:

"Si sawa. Hapa pameandikwa siku thelathini. Ni ya kutembelea."

Misheck, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, aligeuka akarudi jikoni na sinia yake ikiwa tupu.

Nelius hakupandisha sauti. Aliinamisha mtungi mpaka uzi mweusi wa shubiri ukaanza kudondoka kwenye ngazi nyeupe.

"Nyingine," akasema.

Karatasi ya pili iliandikwa pale pale barazani, memsahib amesimama juu ya bega la mumewe. Njuki aliisoma mara mbili kwa sauti, neno kwa neno, kwa Kiembu. Kuhamishwa. Ishiara. Hakuna tarehe ya kurudi. Nelius akaikunja, akaitia kifuani, ndipo akainuka, akaingia sebuleni, akapaka mimea yote, jani kwa jani, bila haraka wala uzembe. Alimwonyesha Misheck jinsi ya kuchemsha na jinsi ya kupaka, akamwambia arudie kila baada ya wiki mbili na asiguse majani kwa maji tena. Kazi aliyokubali kulipwa, aliifanya. Kisha akachukua shuka lake nyuma ya jiko, akashika barabara ya chini, na kufikia machweo alikuwa amepita kizuizi cha kwanza.

Mgeni alikuja Ijumaa. Misheck alisema baadaye kwamba hakuitazama mimea hata mara moja. Alizungumza juu ya uvuvi mpaka akaondoka.

Kibali cha Nkubu kilipewa mtu mwingine, Kiogora, ambaye hakujua kusoma pasi. Njuki hakuambiwa sababu, naye hakuuliza. Leseni ya kibanda aliachiwa, lakini kwa miaka minne iliyofuata kila alipoomba gari la mzigo alisimamishwa mstari wa mwisho. Maagizo ya zile nyumba sita aliyarudisha. Memsahib alihamishwa na bwana wake kwenda wilaya nyingine. Mimea walienda nayo, na Misheck alipewa mkebe mzima wa shubiri kuufungasha.

Ardhi ilipimwa. Hakuna aliyesimama kwenye mpaka wa Kivuti, na mpaka ukasogezwa kwa utulivu kutoka pande zote mbili mpaka shamba likabaki jembamba kama mfereji wa maji ya mvua. Kivuti alipoachiliwa mwaka 1959, alienda moja kwa moja kwenye mteremko wake na kukuta mahindi ya watu wengine. Ndipo akashuka Ishiara.

Mwaka 1960, pasi zilipoondolewa, Njuki alishuka kununua mbuzi. Aliwakuta wote watatu. Kivuti alikuwa chini ya ukuta wa nyumba akiranda ubao. Aliitikia salamu, akaendelea kuranda. Ednah, msichana mrefu sasa, alikuwa akiwazuia mbuzi wasiingie kwenye mtama.

"Bado hajanisamehe shamba," Nelius akasema, akielekeza kidevu kwa mumewe, bila kushusha sauti. "Anasema ningengoja."

"Nawe unasemaje?"

"Nasema mtoto angekuwa wa nyanya yake. Yeye anasema mtoto angeolewa, shamba lingebaki. Tunasema hivyo kila mvua ikinyesha." Akamshika mbuzi mmoja pembe, akamgeuza ili Njuki amwone meno. "Wewe ulikosa Nkubu kwa ajili yangu, nimesikia."

"Nilikosa."

"Unataka niseme asante, au unataka mbuzi?"

Njuki akafikiria. Alikuwa amekuja na hotuba fupi kichwani, ya watu waliosimama pamoja siku mbaya. Akamtazama yule mbuzi, dume la miaka miwili, mgongo mpana, kwato safi.

"Mbuzi," akasema. "Punguza kidogo."

"Sipunguzi," Nelius akasema.

Akamnunua vivyo hivyo.